UKOGA KWENYE MAWE YA ZAMANI: TUUSAFISHE BILA SUMU



Kila mwaka ifikapo wiki ya mwisho ya Oktoba, njia za makaburini katika parokia zetu hujaa watu wenye majembe, ndoo na brashi. Ni maandalizi ya Novemba 2, siku ya kuwakumbuka Marehemu Wote. Akina mama hung'oa majani, watoto huteka maji, vijana husugua misalaba na mawe ya makaburi mpaka yawe meupe. Kazi hiyo ni njema na hatuna neno nayo. Tunalotaka kulizungumza mwezi huu ni kile kilichomo ndani ya ndoo.

Katika kigango kimoja cha upande wa Muleba, ambacho hatutakitaja jina, vijana wanne walipewa kazi ya kusafisha ngazi za mawe za kanisa na ukuta wa nyuma uliokuwa umeota ukoga wa kijani. Mmoja alikuja na jiki ya kufulia nguo. Mwingine alikuja na chupa ya tindikali ya kusafishia choo. Wakaona heri kuvichanganya ili dawa ipate nguvu. Haikupita dakika tano, wote wanne wakawa wanakohoa na macho yanawatoka machozi, na binti mmoja mwenye pumu ikabidi awahishwe hospitali kwa pikipiki. Alipona, tunashukuru, ingawa kifua kilimsumbua kwa majuma kadhaa. Ngazi nazo ziling'aa kweli. Lakini kufikia Pasaka zilikuwa za kijani kama zamani, na jiwe la ngazi ya chini lilikuwa limeanza kubanduka maganda.

Kilichowapata vijana wale kinafahamika vizuri. Jiki ikikutana na tindikali hutoa hewa ya klorini, hewa ileile iliyotumiwa kama silaha vitani huko Ypres, Ubelgiji, mwezi Aprili 1915. Hewa hiyo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo hukaa chini, karibu kabisa na uso wa mtu aliyeinama anasugua ngazi. Kuchanganya jiki na mkojo, au na dawa nyingine za kusafishia zenye amonia, nako hutoa hewa mbaya. Ikitokea bahati mbaya ya namna hiyo, watu waondoke mara moja waende mahali penye upepo, wavue nguo zilizolowa dawa, na macho yaoshwe kwa maji safi ya kumimina kwa muda usiopungua dakika 15. Mtu aliyeimeza dawa asitapishwe. Apelekwe hospitali, na chupa yenyewe ipelekwe pamoja naye ili mganga ajue anatibu nini.

UKOGA NI NINI?

Watu wengi hudhani ukoga ni uchafu tu, kama matope. Sivyo. Ni viumbe hai, na kwenye ukuta mmoja wa zamani waweza kuwakuta wa aina nne au tano wakiishi pamoja. Ule utando wa kijani unaoteleza ni mwani mdogo sana, ndugu wa ule unaoonekana majini. Ile michirizi myeusi inayoshuka kutoka kwenye paa, ambayo wengi huidhania moshi, mara nyingi ni bakteria wanaoishi kwa mwanga wa jua pamoja na kuvu nyeusi. Vile vibaka vya kijivu, vyeupe au vya rangi ya chungwa, vilivyoshika jiwe kama viraka, huitwa kuvumwani: ni kuvu na mwani vilivyofunga ndoa, mmoja akitoa makao na mwingine chakula. Halafu kuna vile vimea vifupi laini kama zulia ambavyo watoto hupenda kuvibandua kwa kidole.

Wote hao wanataka kitu kimoja kabla ya vyote, nacho ni unyevu. Hapo ndipo sisi watu wa Bukoba na Muleba tulipo na shida kuliko wenzetu. Mji wa Bukoba hupata mvua ipatayo milimita 2,000 kwa mwaka, wakati Dodoma haifikii hata 600. Ziwa liko mlangoni, na migomba hufika hadi ukutani. Jiwe letu lenyewe, lile la mchanga ulioshikamana ambalo wanajiolojia wamelipa hata jina la Bukoba, lina vitundu vidogo vidogo vya kunywa maji. Anayetaka ukuta wa mawe usiote kitu chochote katika nchi hii ni kama anayetaka kibanja kisiote magugu.

Tangu Wamisionari wa Afrika walipofungua misheni ya Kashozi mwaka 1892, na seminari ya Rubya mwaka 1904, yamejengwa mengi katika nchi yetu ambayo leo ni urithi: makanisa, nyumba za mapadre na masista, shule, minara ya kengele, groto za Bikira Maria, na makaburi ya wazee wetu wa kwanza katika imani. Baada ya tetemeko la Septemba 10, 2016, kuta nyingi zilipata nyufa, nazo zikazibwa haraka kwa saruji. Hatuwalaumu waliofanya hivyo, maana watu walikuwa wanalala nje. Lakini ni vizuri kufahamu jambo moja. Kuta za zamani zilizojengwa kwa chokaa au udongo huingiza unyevu na kuutoa kupitia maungio yake. Ukiyaziba maungio hayo kwa saruji ngumu, maji yaliyomo ndani hukosa mlango, nayo hutafuta kutokea kwenye jiwe lenyewe. Ndiyo maana pembeni ya viraka vipya vya saruji mara nyingi utaona ukoga umenenepa. Wenzetu wa pwani, wanaotunza majengo ya mawe ya matumbawe huko Kilwa Kisiwani na Mji Mkongwe wa Zanzibar, wamelijifunza hilo kwa gharama kubwa, na ndiyo sababu mafundi wao hurudia chokaa.

JE, UNA MADHARA KWA AFYA?

Hapa yatupasa kutofautisha nje na ndani.

Ukoga wa nje, juu ya ukuta au juu ya kaburi, kwa kawaida haumdhuru mtu anayepita. Madhara yake makubwa ni utelezi. Bibi mwenye miaka 75 akiteleza kwenye ngazi za kanisa asubuhi ya mvua na kuvunjika nyonga, huo ni ugonjwa mkubwa kuliko mwingi tunaouhubiri katika ukurasa huu. Kwa hiyo, kama nguvu zenu ni chache, anzeni na ngazi, njia na mahali pa kupigia magoti kwenye groto. Ukuta unaweza kusubiri.

Kuvu ya ndani ni habari nyingine. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na kuvu ndani ya majengo, likieleza kwamba wanaoishi katika nyumba zenye hali hiyo hupata zaidi pumu, kikohozi na maradhi mengine ya njia ya hewa. Tuangalie basi sakristia zetu, mabweni ya shule, na vile vyumba vya katekista visivyo na dirisha la kutosha. Ukiingia chumbani ukapokelewa na harufu ya kuvu, usianze na dawa. Fungua madirisha, sogeza makabati mbali na ukuta, tafuta maji yanaingilia wapi. Mwenye pumu, na mtu ambaye kinga yake ya mwili imepungua, asipewe kazi ya kusugua kuvu hata kama amejitolea kwa moyo.

Na kwenye minara ya zamani kuna popo. Kinyesi cha popo kilichokauka kisifagiliwe kikavu kamwe, maana vumbi lake laweza kubeba kuvu inayoshambulia mapafu. Kinyunyiziwe maji kwanza, kikusanywe kikiwa kibichi, na mfanyakazi afunike pua na mdomo kwa barakoa nzuri.

VITU AMBAVYO TUNAOMBA VISITUMIKE

Jiki tumekwisha kuitaja. Hata ikitumiwa peke yake, huua rangi ya juu tu na kuacha chumvi ndani ya jiwe. Chumvi hiyo hunywa maji wakati wa mvua, hukauka na kuwa punje wakati wa jua, na zile punje zikikua husukuma jiwe mpaka libanduke. Nchini Marekani, wataalamu wanaohudumia mawe ya makaburi ya askari wamekwisha kuonya kuhusu dawa za namna hiyo.

Mrututu, ile dawa ya bluu ya shaba wanayoijua wakulima wa kahawa, nayo imepata mashabiki makaburini. Huua ukoga, ni kweli. Lakini huacha madoa ya kijani yasiyotoka, ni sumu kwa samaki, na maji ya mvua huishusha hadi kwenye chemchemi. Tena kanisa ambalo paa lake hujaza tangi la maji ya kunywa ya shule lisipuliziwe dawa yoyote, iwe mrututu au nyingine.

Brashi ya waya na grenda ndivyo vinavyotutia hofu zaidi, kwa sababu madhara yake hayaonekani siku ileile. Jiwe letu ni la mchanga. Ukilisaga likiwa kavu hutoa vumbi laini sana la silika, ambalo huingia ndani kabisa ya mapafu na halitoki tena. Mafundi wanaolivuta kwa miaka hupata ugonjwa wa mapafu usio na dawa, na mtu mwenye ugonjwa huo hushambuliwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Kijana anayepiga grenda mbele ya kanisa bila kitambaa hata kimoja usoni anajenga kanisa kwa mapafu yake, na hakuna aliyemwomba hivyo. Zaidi ya hayo, jiwe lililokwaruzwa huwa na mikwaruzo ambamo ukoga hushika vizuri kuliko mwanzo. Mashine ya maji ya kuoshea magari ni hivyohivyo: inachimba maungio na kusukuma maji ndani ya ukuta.

Sasa tufike kwenye siki, ndimu na majivu. Hapa tutabishana na wasomaji wengi, maana imezoeleka kudhani kwamba kitu cha jikoni hakina madhara. Siki na ndimu ni asidi. Hula chokaa, na hula marumaru ya kaburi bila huruma. Chukua kipande kidogo cha lipu ya zamani kilichodondoka chini, kidondoshee siki: kikitoa povu, ujue ndivyo ukuta wako ungelivyotafunwa. Majivu na magadi hayatoi povu, lakini huacha chumvi kama ile ya jiki. Kwa hiyo hivyo vyote, ingawa vinatoka shambani au dukani kwa bei ndogo, vibaki jikoni.

NJIA SALAMA

Kwanza, fuata maji. Simama nje mvua inaponyesha, ukiwa na mwavuli, utazame ukuta kwa nusu saa. Utajifunza mengi kuliko kwa kusoma makala hii. Utaona bati lililotoboka, mfereji wa paa uliojaa majani, maji yanayoruka kutoka ardhini na kuchapa ukuta kwa kimo cha goti, au mgomba unaolowanisha jiwe mchana kutwa. Ziba, zibua, kata, chimba mtaro mdogo wa kupitisha maji. Parokia ikifanya hayo tu na isiguse brashi kabisa, ukoga utapungua wenyewe.

Pili, chagua wakati. Kosa letu kubwa ni kusafisha makaburi mwishoni mwa Oktoba, mvua za vuli zikiwa zimekwisha shika. Jiwe linalowa, linasuguliwa, halikauki, na ukoga unarudi kabla ya Krismasi. Kazi hii ni ya Julai na Agosti. Ukoga ukishauawa wakati huo hukauka na kudondoka polepole wenyewe kwa jua na upepo, hivi kwamba ikifika Novemba unahitaji ufagio laini tu.

Tatu, ua kwa joto na giza badala ya sumu. Njia hii ni nzuri mno na haijulikani kwetu. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Trieste huko Italia walionyesha kwamba kuvumwani ikiwa kavu huvumilia joto la nyuzi 65 na zaidi bila kufa, lakini ikiwa imelowa, saa 6 katika nyuzi 55 huimaliza. Wazo lao twaweza kulijaribu sisi hapa karibu na Ikweta kwa vitu tulivyonavyo. Asubuhi ya siku ya jua kali, lowanisha jiwe la kaburi au ngazi kwa maji safi mpaka likolee. Tandika juu yake matambara yaliyolowa, kisha funika kwa plastiki nyeusi na ukandamize kingo kwa mawe madogo ili mvuke usitoke. Acha hadi jioni. Rudia siku mbili tatu. Hatuwezi kuahidi kwamba kila kaburi litafikia nyuzi 55, hasa lile lililo chini ya mwembe. Lakini pale jua lisipotosha, giza nalo lina kazi yake: mwani na vile vimea laini haviishi bila mwanga, na plastiki ikikaa majuma matatu au manne huvidhoofisha sana.

Kwa ngazi zenye utelezi, maji ya moto yaliyotoka jikoni yanatosha, yakimiminwa polepole kwa birika na mtu mzima aliyevaa viatu vya kufunika miguu. Watoto wakae mbali. Maji hayo yasimiminwe kwenye jiwe lenye ufa wala kwenye maandishi yaliyopakwa rangi.

Nne, sasa ndipo brashi. Lowanisha jiwe tena, maana ukoga uliolowa huachia kwa urahisi na vumbi halipati nafasi. Vile vimea laini viinuliwe kwa kijiti cha mwanzi kilichochongwa, kamwe si kwa kisu. Halafu sugua kwa brashi ya nyuzi laini na maji matupu, ukianzia chini kwenda juu, ukisuuza mara kwa mara. Ukianzia juu, maji machafu hushuka kwenye jiwe kavu na kuacha michirizi isiyotoka. Kama jiwe linatoa mchanga mkononi ukiligusa, acha papo hapo. Jiwe hilo ni mgonjwa, linahitaji fundi. Na kama mfereji wa paa unaingia kwenye tangi, uchomolewe kabla ya kuanza, urudishwe baada ya mvua kubwa ya kwanza kupita.

Tano, ridhika. Kibaka cha kuvumwani kilichoshika kwa nguvu juu ya jiwe gumu kiachwe. Ukikilazimisha kitoke kitaondoka na ngozi ya jiwe, na pengine herufi za jina la babu. Mahali pengine utando huo hulikinga jiwe dhidi ya mvua na upepo. Kaburi la mwaka 1920 si lazima lifanane na vigae vya hoteli.

Wapo watakaouliza kama hakuna dawa ya mimea. Ipo inayojaribiwa. Makumbusho ya Vatikano yametumia kwenye sanamu za marumaru zilizoko bustanini mafuta yaliyokamuliwa kutoka mimea ya kunukia iitwayo oregano na thyme, ambayo ni ya ukoo mmoja na mrehani na kivumbasi chetu, badala ya sumu za viwandani. Habari hiyo imetufurahisha. Lakini mafuta hayo ni makali sana, hupimwa na wataalamu kabla ya kupakwa, na si sawa na kutwanga majani ya mrehani na kuyapaka ukutani. Majani yaliyotwangwa ni chakula kipya cha kuvu.

ONYO MOJA LA MWISHO

Yote tuliyoyasema ni kwa ngazi, kuta za kawaida na makaburi. Hayahusu kuta zenye picha za kuchorwa ndani ya kanisa, wala sanamu za zamani, wala ile michoro myekundu ya kale kwenye miamba ya Bwanjai, ambayo haitakiwi kumwagiwa hata kikombe cha maji ili ionekane vizuri. Huko hata mkono mtupu unaharibu. Kuna Sheria ya Mambo ya Kale tangu mwaka 1964, na kuna idara ya Serikali inayoisimamia chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii. Paroko na halmashauri ya parokia waulize kwanza.

Jumuiya itakayotaka kujaribu plastiki nyeusi ianze na jiwe moja la pembeni, tena lisilo na maandishi, na ipige picha kabla na baada. Plastiki yenyewe ivuliwe mvua za Septemba zinapoanza. Ikisahauliwa hapo hadi Novemba, chini yake mtakuta nyoka.